Karafuu Haitupwi

Karani wa kituo cha kununulia karafuu alitia mkono ndani ya gunia la Bi Saada mpaka kiwiko kikazama. Akatoa ukufi mmoja, akaunusa, akakunja uso. Alikuwa kijana mwenye kalamu mbili mfukoni na saa kubwa mkononi. Hakuwa na haja ya kupaza sauti, lakini aliipaza.

"Bi mkubwa, hizi zimevunda!"

Foleni nzima ikageuka. Waliokuwa wakizungumza habari za mvua wakanyamaza, maana kwa Mpemba hakuna habari tamu kuliko karafuu ya mwenziwe iliyokataliwa.

"Zimevunda vipi, mwanangu? Nimezianika siku sita."

"Umezianika, halafu ukazitia guniani hazijakauka. Hebu tazama." Akachukua moja akaipinda kwa vidole viwili. Ikapinda, isivunjike. "Hii karafuu au uzi wa kushonea? Zirudishe. Na usizimwage hapa nje, utanitilia harufu kituoni."

Yalikuwa magunia manne. Mtu asiyepata kuanika karafuu maisha yake atasema, ah, si angeyachukua tu akaenda zake? Huko kwenda zake ndiko kugumu. Ilibidi ainame mbele za watu, afunge midomo ya magunia moja baada ya moja, huku watu wa foleni wakimpisha kwa huruma, ile huruma ya Alhamdulillahi si mie. Bibi mmoja akamshika bega akamwambia "pole, mwenzangu," na pole hiyo ilimuuma kuliko maneno ya karani.

Kwa miaka thelathini na nane, kazi ya kusema karafuu imekauka ilikuwa ya Mmanga, mumewe. Mmanga alikuwa akichutama ukingoni mwa sakafu, anachukua karafuu moja, anaisogeza sikioni, anaivunja kwa kidole gumba. Ikilia "ta!" husema, "Kavu hiyo, tia guniani." Isipolia hanyanyuki, na kesho yake anaanza tena. Bi Saada alimwona akifanya hivyo misimu yote ile na hakujaribu hata siku moja. Kwani ujifunze kazi ya mtu wa nini, na mwenyewe yupo amekaa hapo? Mmanga alifariki mwezi wa Rajabu. Haya yalikuwa mavuno ya kwanza bila yeye, na Bi Saada alizitia guniani kwa kukisia.

"Sasa tuzipeleke wapi?" akauliza Mjaka, mwenye gari la ng'ombe, alipokwisha kuyapandisha tena magunia. "Nizimwage bondeni?"

"Koma weye Mjaka! Karafuu haitupwi."

Lilikuwa neno la marehemu. Mjaka alilijua, kila mtu wa Kwampapai alilijua, kwa sababu Mmanga alikuwa akiwarudisha watoto chini ya mikarafuu wakaokote kwenye majani hata punje moja iliyoanguka. Mjaka akawapiga ng'ombe mjeledi wa hewani.

&nbsp;

Kwampapai ni nyumba arubaini na kidogo, ndani kidogo ya njia ya Wete. Nguzo za umeme wa serikali zilifika barabara ya lami zikasimama hapo, na watu wakaambiwa subirini mwakani. Wakasubiri mwakani kumi na moja. Ndipo ukaja mradi. Wakachimba shimo kubwa, wakajenga tangi la saruji lenye paa la mviringo, na watu wakaambiwa walilishe mavi ya ng'ombe, maganda ya muhogo, migomba iliyokwisha kukatwa, majani ya viazi, kila kinachooza shambani. Humo ndani hutoka gesi, gesi huzungusha mashine, na mashine huwasha taa tangu Magharibi mpaka saa nne. Wataalamu walikuwa na jina lao refu la kitu hicho. Watu wa Kwampapai waliliita Tumbo.

Tumbo lilijengwa juu ya sakafu ya Mmanga ya kuanikia karafuu, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa tambarare na karibu na maji. Waliomwomba walitegemea atakataa. Mmanga aliizunguka sakafu yake mara mbili, akatema mate, akasema, "Chukueni. Karafuu zenyewe siku hizi zaenea kwenye jamvi." Siku nyundo zilipoipasua sakafu alikwenda Pujini kwa dada yake mpaka kelele zikaisha.

Bi Saada, tuseme kweli, hakuupenda umeme kwa ajili ya taa. Koroboi alizizoea. Aliupenda kwa sababu ulimrudishia mwanawe. Jabir alikaa Unguja miaka tisa akibeba mizigo ya wageni mahotelini, akija nyumbani Idi hadi Idi kama mgeni mwenyewe. Mradi ulipotafuta kijana wa kuendesha mashine, Jabir akaomba, akafunzwa, akapewa ufunguo. Akaoa Khairat. Sasa kila asubuhi Bi Saada alikuwa akimsikia akikohoa uani, na kikohozi hicho kilimtosha kuwa utajiri.

Siku ile ya magunia, Jabir alikuwa amekwenda Chake kutafuta oili ya mashine. Khairat alikuwa kwao. Mjaka aliyashusha magunia nyuma ya nyumba akaenda zake, na Bi Saada akakaa juu ya kinu akiyatazama.

Zingine zote alizowahi kuzipika, kuzifukiza, kuzipaka jinoni, kuzitia kwenye chai, zilikuwa karafuu. Hizi nazo ni karafuu. Kuzimwaga jaani kuku wazipekue hawezi, na zilitoka mikarafuu ambayo Mmanga aliipanda siku aliyozaliwa Jabir. Akatazama Tumbo, pale penye sakafu. Akakumbuka jinsi karafuu inavyochoma ulimi. Ina moto karafuu! Ikiwa ganda la muhogo, kitu baridi kisicho ladha, latoa umeme wa nyumba arubaini, karafuu itatoa nini? Akaona kama amefunuliwa. Zitawaka. Karafuu za Mmanga zitawaka juu ya sakafu ya Mmanga, na thawabu zimfikie huko aliko.

Akachota kikapu baada ya kikapu, akamimina kwenye birika la kuchanganyia, akatia maji, akakoroga kwa mti, akafungua kizibo. Kila kikapu alikipigia Bismillahi. Alipomaliza mgongo ulikuwa umekatika, lakini roho ilikuwa nyeupe. Karani wa kalamu mbili alimsahau kabisa.

&nbsp;

Siku ya tatu taa zikawa nyekundu. Siku ya nne, Khairat yuko katikati ya kupiga pasi kanzu ya mumewe, mashine ikakohoa mara mbili ikanyamaza.

Jabir alikesha juu ya mashine hiyo. Alifungua plagi, akasafisha, akafunga. Mashine haikuwa na kosa. Mshale wa kipimo cha gesi ulikuwa umelala chini. Alilisha mavi mabichi ndoo ishirini, akangoja siku mbili, mshale haukutikisika. Na watu nao walianza.

Bi Time, jirani wa mlango kwa mlango, ndiye aliyekuwa na mdomo kuliko wote. Alikuwa na friji la kuuzia barafu na samaki, lililomtoa kwenye kusuka makuti, na mwenye kupoteza hana adabu.

"Jabir!" alipiga kelele kutoka barazani kwake. "Samaki wangu wameanza kunifumbia macho ndani ya friji! Nini, babu, umelala?"

"Silali, Bi Time. Natafuta kosa."

"Kosa ulitafute kwako! Ntu akipewa ufunguo hujiona Waziri. Huko Unguja mlizoea kubeba mabegi, mashine mwazijulia wapi?"

Bi Saada alikuwa ndani anapeta mchele. Ungo ukasimama mkononi. Alitaka kutoka amjibu Bi Time jibu la kumlaza siku tatu, na majibu hayo anayo, lakini kitu kilimzuia. Alikuwa ameanza kuhesabu siku. Nne. Tangu siku ile ya magunia mpaka mashine kuzima, siku nne.

Jioni hiyo alimsikia mwanawe akimwuliza Khairat, "Ule mkoba wangu wa Unguja uko wapi?"

"Mkoba wa nini?"

"Nakuuliza uko wapi tu."

"Juu ya kabati. Sheha kakwambia nini?"

"Ijumaa baada ya sala tukutane skuli. Nieleze sababu ya Tumbo kufa, au niwakabidhi ufunguo wao. Mradi wenyewe umeshasema, kama sisi hatujui kulisha, mashine itakwenda Makangale. Huko wameomba mwaka mzima."

"Na sisi?"

"Hoteli hazijafungwa, Khairat."

Bi Saada aliendelea kupeta. Mchele ulikwisha kutakata zamani, hakuna pumba, hakuna jiwe, naye anapeta tu.

&nbsp;

Siku ya Jumatano alikuja Fausta, fundi wa mradi. Fausta alikuwa mtu wa Bukoba aliyepanga chumba Wete mwaka wa nne sasa, mwanamke mrefu wa mabuti, ambaye watoto wa Kwampapai walikuwa wakimfuata nyuma kumtazama anavyopiga hatua. Alimsalimu Bi Saada shikamoo, akavua saa, akafungua kizibo cha kutokea uchafu, akachota kwenye kopo. Akasogeza pua. Akaisogeza tena.

"Jabir, humu kuna mtu ametia kitu."

Jabir alitazama mabuti ya Fausta. "Yawezekana ni mie. Nilitia maganda ya ndimu. Mengi. Nadhani nilizidisha."

"Ndimu? Hii siyo ndimu."

"Ni ndimu, fundi. Ni kosa langu. Andika hivyo."

Bi Saada alikuwa amesimama kando na birauri ya maji ya mgeni. Maganda ya ndimu! Nyumba yao haikuwa na mndimu, na tangu mfungo kwisha hakuna aliyenunua ndimu humo.

"Hebu nambie mwanangu," akamwambia Fausta, sauti yake akijaribu kuifanya ya mtu anayepitisha wakati. "Kwani humo ndani kinachofanya kazi ni nini?"

"Vijidudu, mama. Vidogo sana, huvioni kwa macho. Ndivyo vinavyokula uchafu vikatoa gesi. Ukitia sabuni, dawa ya choo, kitu chochote cha kuua wadudu, basi umeviua vyote."

"Na karafuu?"

Fausta akacheka. "Jamani mama, Pemba hii nani atupe karafuu?" Halafu kicheko kikamwishia njiani. Akanusa kopo mara ya tatu. "Lakini kweli, karafuu si mnapaka kwenye jino bovu? Inatuliza kwa nini? Inaua wale wadudu. Na hawa wangekufa."

Birauri ikamponyoka Bi Saada. Haikuvunjika, ilikuwa ya bati, ikabiringika mpaka kwenye ukuta wa Tumbo. Jabir ndiye aliyeiokota. Alimrudishia mama yake bila kumtazama usoni.

&nbsp;

Usimwone mtu mzima amekaa kimya ukadhani hana la kusema. Bi Saada alikaa siku mbili na lile neno. Alifikiri akae nalo mpaka kaburini, watu wengi wamezikwa na makubwa zaidi. Alikuwa ni mke wa Mmanga, mwenye sakafu, mtu anayeitwa kila harusi kukaa na mwali. Asimame mbele za Bi Time aseme ni mie? Lakini kila akifikiri hivyo anauona mkoba. Khairat alikuwa ameushusha kabatini, akaufuta vumbi, akauweka juu ya sanduku, na zipu yake ilikuwa wazi.

Ijumaa wanaume walitoka msikitini wakaja skuli, wakakaa kwenye madawati ya watoto, magoti yakiwagonga videvu. Wanawake walikaa nyuma kwenye mikeka. Sheha Abdulnasir alikuwa mpole na mwenye kuchoka, mtu ambaye angependa kila mkutano uishe kabla haujaanza. Akamsimamisha Jabir. Fausta alikaa kando na daftari lake.

"Haya babu. Tueleze."

"Sina maelezo marefu, Sheha. Nimelisha vibaya." Jabir akatoa ufunguo mfukoni, akauweka mezani. Ulikuwa na kamba nyekundu ambayo Mmanga aliifunga kwa mkono wake usipotee. "Ufunguo wenu huu."

"Si tulisema!" alidakia Bi Time kutoka nyuma.

"Sheha," ilisema sauti nyingine. "Nipe ruhusa."

Bi Saada alikuwa amekwisha kusimama.

"Mama, kaa," Jabir alisema upesi.

"Sikai. Nimekaa vya kutosha." Alishika ncha ya mtandio wake kama mtu anayeshika kamba ya kisima. "Huyu hakulisha vibaya. Hilo Tumbo nimeliua mie. Magunia manne ya karafuu, zile zilizokataliwa kituoni. Nilizitia peke yangu. Yeye alikuwa Chake."

Ng'ombe wa Mjaka nje ya dirisha alisikika akitafuna.

"Karafuu?" akauliza Sheha. "Bi Saada, karafuu wazitia humo kwa nini?"

"Kwa kuwa zina moto. Nilidhani zitawaka. Na kwa kuwa ni za Mmanga. Nitazitupa wapi karafuu za Mmanga, Sheha? Nambie weye."

Aliyejibu alikuwa Mjaka, ambaye Mungu hakumpa breki ya mdomo. "Lahaula! Mke wangu tumbo likijaa gesi humpa karafuu atafune, gesi yote ikamtoka. Kumbe na hili limetibiwa!"

Skuli nzima ikaangua kicheko. Wazee walijifuta machozi, akina mama wakaangukiana mabegani, hata Fausta akajificha nyuma ya daftari. Bi Saada akasimama katikati ya kicheko hicho kama alivyosimama kwenye foleni ya karani, uso unamwaka, miguu inataka kukimbia. Hakukimbia. Alingoja mpaka wa mwisho alipomaliza kucheka.

"Mkishacheka," akasema, "mnambie mwanangu kakosa nini."

Sheha akauchukua ufunguo kwa kamba yake nyekundu, akaupima kiganjani, akautia mwenyewe katika mfuko wa shati la Jabir.

Fausta akaeleza yaliyobaki. Tumbo litolewe lote, lisafishwe, lianzwe upya kwa mavi mabichi na madebe ya chachu kutoka tangi dogo la kupikia lililoko Pujini. Yeye anaweza kuuomba mradi siku arubaini. Zikipita bila moto, mashine itakwenda Makangale na yeye hatakuwa na la kusema.

"Nani atakayeingia kuchota uchafu huo?" aliuliza mzee mmoja.

"Mie," alisema Bi Saada.

"Mama wee, kaa basi," alisema Jabir, na safari hii watu walicheka vingine.

&nbsp;

Walianza Jumamosi asubuhi, wanaume ndani, wanawake mstari mrefu wa ndoo mpaka shimo lililochimbwa mbali na kisima. Walijifunga vitambaa puani, wamejiandaa kwa uvundo. Paa lilipofunguliwa na ndoo ya kwanza ikatoka, walivishusha vitambaa mmoja mmoja.

Ilinuka karafuu. Si kwamba uvundo haukuwapo, ulikuwapo, lakini juu yake ilikuja harufu nzito, ya moto, ya msimu. Harufu ya miaka ile skuli zikifungwa ili watoto wakachume. Barabara nzima mpaka Wete imetandikwa majamvi, mtu apite pembeni asikanyage, na jioni kila uani pana duara la watu wanachambua karafuu kutoka kwenye vijiti vyake, mikono inakwenda yenyewe, anaimba huyu anaitikiwa na yule, makonyo huku, karafuu huku. Bi Saada alimwona Mmanga kwa mara ya kwanza katika duara kama hilo, juu ya sakafu hii hii, kabla haijawa yake. Alikuwa mchumaji wa kutoka shamba la pili, akizichambua polepole mno, na kila mtu alijua kwa nini hataki zimalizike.

Mabibi katika mstari wakapunguza maneno. Bibi mmoja alianza kuvumisha wimbo wa wachumaji, maneno kayasahau nusu, wenziwe wakamjazia nusu nyingine. Vijana wakawatazama bibi zao kama wanawaona leo. Ndoo zilikwenda kwa mwendo wa wimbo.

Adhuhuri Bi Time akasogea mpaka akawa ndiye anayepokea ndoo kutoka mkononi mwa Bi Saada. Wakapokezana ndoo tano.

"Vikapu vitatu," alisema Bi Time kwenye ndoo ya sita.

"Vikapu vitatu vya nini?"

"Hebu usinipe taabu, Bi Saada. Vya nini vingine? Zilianguka mvuani, wiki ile kabla yako. Nkasema haitupwi, nkazitia humu." Akaipitisha ndoo, akajifuta jasho kwa mkono. "Na nikamtukana mtoto wa watu barazani. Na mkutanoni nkadakia, nnajua."

Bi Saada alitafuta lile jibu la kumlaza mtu siku tatu. Alikuwa nalo bado, limekamilika. "Bi Time," akasema, "mbona ndoo zangu wazimwaga nusu njiani? Shika vyema." Bi Time akashika vyema.

Walipokaa kula, Jabir alikuja kuketi karibu na mama yake, amechafuka mpaka nyusi.

"Ulijua," Bi Saada alimwambia.

"Nilinusa, Mama. Jioni ile ile nilivyorudi kutoka Chake. Birika lilikuwa lanuka kama chumba chenu nilipokuwa mdogo." Alimega muhogo. "Nikakaa hapo pembeni mpaka Isha. Sikufunga kizibo, sikukoroga, nilikaa tu."

"Mbona hukunambia?"

"Ningekwambia nini? Karafuu za Baba." Akatafuna. "Na weye ulikuwa ukiimba jikoni usiku ule. Hujaimba tangu Rajabu."

Bi Saada akageuza uso upande wa shimo, akajifuta macho kwa mtandio, na Jabir akajishughulisha na muhogo wake mpaka mama yake alipomaliza.

&nbsp;

Siku ya kumi hakuna kitu. Siku ya ishirini mshale ulitikisika ukalala. Kwampapai ilikuwa ikiamka na kuuliza "vipi?" kama watu wenye mgonjwa. Siku ya thelathini na tatu, Fausta alifungua bomba la majaribio, akawasha kiberiti, na moto wa samawati ukasimama wima, mdogo kama kidole cha mtoto. Jabir aliutazama muda mrefu. Kisha akaenda nyumbani, akauchukua ule mkoba, akampa Khairat akautilie viazi.

Bi Saada alipewa kazi. Alijipa, hasa. Kila asubuhi na jioni alikuwa amekaa kando ya birika, na hakuna kikapu kinachoingia kabla ya kupita puani mwake. Watu walimwita Karani. Mwanzoni lilimchoma, halafu akalizoea.

Jioni ya kwanza ya kuwasha taa alikuja Bi Time na kikapu cha maganda ya muhogo. Bi Saada akainama, akanusa. Akainua macho.

"Bi Time."

"Zimo kidogo tu! Nilifagia jamvi, zikachanganyika na maganda. Nikazitupe sasa?"

Maneno yalimjia Bi Saada mdomoni yenyewe, yale ya kituoni, zirudishe na usizimwage hapa. Nyuma ya Bi Time palikuwa na foleni ya wanawake wanane na vikapu vyao, shingo zimewatoka. Bi Saada akavuta mkeka.

"Kaa," akasema. "Tuzichambue."

Bi Time akakaa. Maganda huku, karafuu huku. Wa pili katika foleni akaona kusimama bure ni taabu, naye akakaa. Khairat akaja na chano. Muda kidogo duara likatimia, juu ya kipande cha sakafu ya zamani kilichobaki kando ya Tumbo, na mtu akaanza kuimba kwa sauti ndogo. Magharibi ilipoadhiniwa wakanyamaza, wakasali hapo hapo kwenye mikeka, wakarudi kwenye maganda.

Jabir akatia ufunguo. Mashine ikakohoa, ikashika. Taa ya juu ya mlango ikawaka, mwanga ukaanguka juu ya mikono yao, na hakuna aliyepiga kigelegele wala kusimama, kwani kazi ilikuwa haijaisha. Bi Saada alichukua karafuu moja kutoka kwenye chano. Akaisogeza sikioni, akaiwekea kidole gumba. Ikalia, ta!

"Kavu hiyo," akasema. "Tia guniani."